Kichezeo cha Sufi: Historia Fupi ya Kazi za Mikono Pamoja na Watoto, Kutoka Madina Hadi Kamembe

Bismillahir Rahmanir Rahim



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), jamaa zake na maswahaba zake wote. Ama baad:

Ndugu wazazi, na nanyi wanafunzi mnaotusoma,

Kila likizo inapokaribia, wazazi hunijia baada ya swala ya Ijumaa na swali moja: "Mwalimu, huyu mdogo wangu bado hajafika umri wa kukaa na kitabu, lakini ananichosha nyumbani. Nifanye naye nini?" Wengine wameshajijibu wenyewe, wamempa simu akatulia. Nikiwaambia wakae naye chini kwa mkasi, gundi, udongo na maharage, wapo wanaonitazama kana kwamba nimewatuma kwenye mambo ya chekechea za wazungu yasiyo na asili katika dini yetu.

Siwalaumu. Mimi pia niliwahi kufikiri hivyohivyo, na fikra hiyo ilinifanya nikosee. Nitaanza na kosa langu, kisha tuitazame historia, na katika kila kituo cha historia nitaeleza kazi moja ambayo mzazi anaweza kuifanya nyumbani na mtoto wa miaka mitatu hadi minane, bila gharama kubwa, inshaallah.

TEMBO WA UDONGO

Ilikuwa mwaka 2011. Nilikuwa bado kijana, nikifundisha darasa la wadogo hapa Kamembe. Tulikuwa tumefika Suratul Fil, na nikawasimulia kisa chake: Abraha na jeshi lake, tembo walioletwa kuibomoa Al-Kaaba, na ndege waliotumwa na vijiwe vya udongo.

Siku ya pili mtoto mmoja wa miaka sita alikuja na kitu alichokifunga kwenye jani la mgomba. Alikifungua mlangoni. Alikuwa ametengeneza tembo wa udongo. Mkonga aliufanya kwa ibirere, yaani magamba makavu ya mgomba, na pembeni alikuwa na vijiwe vidogo vilivyokaushwa jikoni kwao. Alikuwa anacheka kwa furaha.

Nilimnyang'anya. Nikasema mbele ya wenzake kwamba haya ni masanamu na hayaingii mahali pa Qur'ani, nikamvunja yule tembo kwenye kizingiti. Nilidhani nimeilinda tauhidi.

Mtoto hakulia. Aliinama, akaokota vipande, akavitia mfukoni mwa kanzu yake, kisha akakaa mahali pake. Kesho yake hakuja, wala wiki iliyofuata.

Baba yake, ambaye ni fundi baiskeli, ndiye aliyekuja. Alinikuta nje, akanisalimia kwa heshima, akasema: "Mwalimu, sikuja kugombana. Mimi sikusoma. Nilitaka kuuliza tu: Mtume wetu (s.a.w) alipowakuta watoto na vitu vyao vya kuchezea, alivivunja?"

Nilimwambia nitamletea jibu. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu. Nilikuwa nimehifadhi upande mmoja wa masuala haya, na upande huo sikuwa nimeusoma vizuri. Usiku ule nilifungua vitabu.

WATOTO WA MADINA

Jambo la kwanza nililolikuta limo katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, na msimulizi wake ni bibi wa Kianswari, Rubayyi' binti Mu'awwidh (r.a). Anaeleza habari za siku ya Ashura, kabla ya Ramadhani kufaradhishwa katika mwaka wa 2 Hijria. Watu wa Madina walifunga, na watoto wao wakafungishwa pamoja nao. Akina mama waliwatengenezea watoto vitu vya kuchezea kwa sufi. Mtoto akililia chakula, alipewa kile kichezeo ashughulike nacho mpaka wakati wa kufuturu.

Tuangalie vizuri, ndugu zangu. Mama wa Madina anasokota sufi kwa vidole vyake, anatengeneza kitu cha kumliwaza mtoto, na kwa kitu hicho mtoto anajifunza ibada kubwa kama saumu. Hakununua wala hakumfokea mtoto anyamaze. Basi historia ya kazi za mikono kwa ajili ya malezi iko mlangoni kabisa mwa Uislamu, mikononi mwa wanawake wa Kianswari.

Jambo la pili ni habari za Bi Aisha (r.a). Katika Sahihi hizohizo anasimulia kwamba alikuwa akicheza na wanasesere wake pamoja na wasichana wenzake. Mtume (s.a.w) alipoingia, wale wasichana walijificha kwa haya, naye akawarudisha kwake waendelee kucheza. Na katika Sunan ya Abu Daud imo habari ya farasi mdogo aliyekuwa miongoni mwa wanasesere hao, mwenye mbawa mbili za vipande vya nguo. Mtume (s.a.w) alimuuliza kuhusu farasi mwenye mbawa, naye akamjibu kwa kutaja farasi wa Nabii Suleiman. Mtume (s.a.w) akacheka mpaka magego yake yakaonekana.

Nilipofika hapo nilikifunga kitabu kwa muda. Yule mtoto wangu alisikia kisa kutoka kwenye Qur'ani, akakitengeneza kwa mikono yake, akakileta kwa furaha kwa mwalimu wake. Bi Aisha alisikia habari za Nabii, akamwekea farasi wake mbawa za nguo. Yeye alipokewa kwa kicheko, na wangu nilimvunjia.

Nyumbani: kichezeo cha sufi. Chukua nyuzi za sweta kuukuu, au vipande vya kitenge vilivyobaki kwa fundi cherehani. Mpe mtoto kipande cha boksi chenye upana wa kiganja, azungushe uzi mara hamsini huku mkihesabu pamoja, kwa Kiswahili kisha kwa Kiarabu. Utoe uzi huo kwenye boksi, ufunge katikati kwa nguvu, ukate ncha za pande mbili. Utapata mpira laini wa manyoya. Mpira huo unatosha. Ukiwekwa pembeni mpaka Ramadhani, mtoto anayejaribu saumu ya nusu siku aletewe saa anapoanza kulalamika, na asimuliwe habari za watoto wa Madina. Kwa wale walio chini ya miaka mitatu, angalia wasitie nyuzi kinywani.

KALAMU, MIFUPA NA NUKTA NYEKUNDU

Tunajua kwamba wahyi wa kwanza ulianza kwa amri ya kusoma, na kalamu ikatajwa humohumo katika Suratul Alaq. Lakini tusidhani watoto wa Madina walikuwa na daftari. Baada ya vita vya Badri, mwaka wa 2 Hijria, imesimuliwa kwamba mateka wa Kikureshi waliojua kuandika na wasiokuwa na mali ya kujikomboa, fidia yao ilikuwa kila mmoja kuwafundisha kuandika watoto kumi wa Kianswari. Zayd bin Thabit (r.a), aliyekuwa kijana mdogo wakati ule, anatajwa miongoni mwa waliojifunza kwa njia hiyo.

Ni Zayd huyohuyo aliyekabidhiwa na Abu Bakr (r.a), baada ya vita vya Yamama, kazi ya kuikusanya Qur'ani. Naye ameeleza aliikusanya kutoka wapi: kwenye makuti ya mtende, kwenye mawe bapa meupe, na kwenye vifua vya watu. Mapokezi mengine yanataja pia vipande vya ngozi na mifupa ya bega ya wanyama. Vilikuwa ni vitu vilivyopatikana karibu na nyumba, vikasafishwa na kufanyiwa kazi kubwa.

Hati ya wakati ule haikuwa na nukta wala irabu kama tunavyozijua leo. Uislamu ulipoenea kwa watu wasiokuwa Waarabu, makosa ya kusoma yakawa mengi. Imepokewa kwamba Abul Aswad ad-Du'ali, aliyefariki mwaka 69 Hijria (688), alimkalisha mwandishi mbele yake akampa wino wa rangi tofauti na ule wa herufi. Alimwagiza amtazame mdomo: akiufungua kwa kusoma, aweke nukta juu ya herufi, akiuvuta chini, nukta iwe chini, akiukusanya, nukta iwe mbele ya herufi. Ndiyo asili ya fataha, kasra na dhumma. Baadaye wanafunzi wake, Nasr bin Asim na Yahya bin Ya'mar, wanatajwa kuwa ndio walioweka nukta za kutofautisha ba, ta na tha, katika zama za gavana Hajjaj. Misahafu mingi ya karne za mwanzo ina nukta nyekundu za irabu mpaka leo.

Nyumbani: nukta za maharage. Nchi yetu haina upungufu wa maharage. Tenga mekundu na meusi. Kwenye mkeka, mtoto akunje kamba ya ibirere au uzi mnene iwe umbo la mashua, ambalo ndilo umbo la ba. Aweke haragwe jeusi moja chini: ba. Aliondoe, aweke mawili juu: ta. Aongeze la tatu: tha. Sasa mpe haragwe jekundu, ufanye kama Abul Aswad. Ufungue mdomo wako, useme "ba", naye aweke jekundu juu. Sema "bi", aliweke chini. Sema "bu", aliweke mbele. Mtoto wa miaka minne huielewa kazi hii kabla hajajua kushika kalamu, kwa sababu anakitazama kinywa cha mama yake na anatumia kidole chake. Mkimaliza, maharage yaoshwe yaende chunguni.

UBAO WA CHUONI, KUTOKA PWANI MPAKA RUSIZI

Katika nchi nyingi za Kiislamu, kutoka Moroko mpaka Sudani, na kutoka kwa Wahausa mpaka Harar, mtoto alianza kusoma kwa ubao wa mti. Aliandikiwa somo, akalihifadhi, ubao ukaoshwa, akaandikiwa lingine. Wino ulikuwa wa masizi. Kalamu ilikuwa ya tete au mwanzi uliochongwa. Pwani yetu ya Waswahili haikuwa tofauti. Kwenye visiwa vya Lamu na Pate kazi ya kalamu ilifikia daraja ya juu, na mji wa Siyu ulijulikana kwa kunakili misahafu iliyopambwa kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano. Huko Pate ndiko ulikotungwa mwaka 1728 utenzi mkubwa wa Chuo cha Herekali, kwa hati za Kiarabu na lugha ya Kiswahili. Tazama na jina lenyewe: kwa Waswahili wa zamani "chuo" ni kitabu, na mahali pa kusomea pakaitwa chuo pia.

Elimu hiyo iliingia bara kwa miguu na kwa mitumbwi. Misafara ya biashara ilifika Tabora na Ujiji, na kwa Ujiji Ziwa Tanganyika likawa njia. Mwezi wa Novemba 1871, Livingstone na Stanley walitoka Ujiji kwa mtumbwi mpaka ncha ya kaskazini ya ziwa, wakathibitisha kwamba mto Rusizi unaingia ziwani wala hautoki. Mto ule ndio huu unaotoka Ziwa Kivu hapa kwetu, chini ya Kamembe, ukitutenga na Bukavu. Bandari ya Waswahili ilikuwa upande wa chini wa maji yetu.

Kisha wakaja Wajerumani. Walijenga boma la Usumbura mwaka 1897, na mwaka 1898 wakaweka kituo cha askari huko Shangi, ukingoni mwa Ziwa Kivu, si mbali na hapa. Askari wao wengi, makarani na wafanyabiashara waliowafuata walikuwa Waislamu wa Kiswahili. Kigali ilianzishwa mwaka 1907, na mwaka 1913 ukajengwa huko msikiti wa kwanza wa nchi. Hata Mwami Yuhi Musinga alijifunza kusoma na kuandika Kiswahili.

Wabelgiji walipoichukua nchi mwaka 1916 mambo yakawa magumu. Waislamu wa mijini walitengwa katika mitaa yao, iliyoitwa kambi za Waswahili, na shule nyingi zilikuwa mikononi mwa wamisheni. Wazazi wengi wa Kiislamu waliogopa kuwapeleka watoto huko wasije wakabatizwa. Kwa hiyo kwa miaka mingi shule pekee ya mtoto wa Kiislamu ilikuwa mkeka wa chuoni na ubao wake. Hasara yake ilikuwa kubwa, tusiifiche: watu wetu walichelewa katika elimu ya dunia na katika kazi za serikali. Chama cha Waislamu wa Rwanda kiliundwa mwaka 1964, na shule zetu zikaja taratibu. Lakini wazee waliotuhifadhia dini katika miaka ile walikuwa na ubao, masizi na mwanzi tu. Leo Kiswahili chenyewe ni lugha rasmi ya nchi hii, tangu mwaka 2017, na watoto wetu hawajui hata ubao huo ulifananaje.

Marehemu bibi yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, ndiye aliyenionyesha. Alikuwa akikinga sahani ya bati juu ya moshi wa agatadowa, ile taa ndogo ya mafuta ambayo wengine huiita koroboi, mpaka masizi yakashika. Akayakwangua, akayachanganya na maji kidogo na utomvu wa mti. Sikuelewa wakati ule kwamba nilikuwa natazama kazi iliyofanywa Baghdadi na Siyu vilevile.

Nyumbani: ubao, kalamu na wino. Mwombe seremala kipande cha ubao laini, ukubwa wa daftari. Mtoto aukwangue kwa msasa mpaka ukawa laini, hiyo ni kazi ya jioni nzima na wanaipenda. Siku hizi si kila nyumba ina taa ya mafuta, kwa hiyo makaa ya kuni yaliyosagwa laini sana na kuchujwa kwa kitambaa yanatosha. Vijiko viwili vya unga wa makaa, kijiko kimoja cha gundi ya maji au uji mwembamba wa muhogo, na maji kidogo kidogo mpaka uwe mzito kama maziwa. Kalamu ichongwe kwa mwanzi, na mchongaji awe mzazi. Kisu kisiende kwa mtoto. Ikate ncha kwa mshazari kidogo, kisha uipasue katikati mpasuko mfupi ili wino ushuke. Wino huu unatia doa, basi mvalishe nguo kuukuu.

Kazi ya kwanza isiwe herufi. Iwe nukta. Ibn Muqla, waziri na mwandishi wa Baghdadi aliyefariki mwaka 940, ndiye anayetajwa kuwa alizipimia herufi za Kiarabu kwa nukta ya kalamu yenyewe. Ukiikandamiza ncha pana na kuivuta kidogo, inatoka nukta yenye pembe nne. Alifu hupimwa kwa nukta hizo zikipangwa wima, na walimu wengi huhesabu tano kwa hati ya naskhi. Mwache mtoto apange nukta tano, kisha achore alifu pembeni yake yenye urefu uleule. Hapo amejifunza kuhesabu, kupima na kuandika kwa wakati mmoja. Na mkumbuke adabu ya wazee: maji ya kuoshea ubao ulioandikwa maneno ya Mwenyezi Mungu walikuwa wakiyamwaga mahali pasafi pasipokanyagwa. Kwa mtoto anayejifunza, andikeni herufi peke yake, msiandike aya.

KARATASI NA NYOTA

Karatasi ilitoka China. Wanahistoria wa Kiarabu wanasimulia kwamba ilifika Samarkandi kwa mafundi waliotekwa katika vita vya Talas mwaka 751, na kabla ya karne ile kwisha Baghdadi ikawa na kiwanda chake katika zama za Harun ar-Rashid. Bila karatasi hiyo ya vitambaa vilivyopondwa, vitabu vingi tunavyojivunia visingeandikwa.

Hapa Rwanda tuna neema ya aina yake. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 2008, na mwaka 2019 marufuku ikaongezwa kwa vyombo vya plastiki vya kutumiwa mara moja. Kwa hiyo kila nyumba ina mifuko ya karatasi ya kaki kutoka dukani. Na kwa kuwa wilaya yetu ina kiwanda cha saruji, haikosi mifuko ya saruji pia, ila hiyo isipewe watoto, maana vumbi lake hudhuru macho na mapafu.

Nyumbani: nyota ya robo hizbu. Kata kwenye mfuko wa kaki miraba miwili iliyo sawasawa, kila upande sentimita kumi. Mtoto aipake rangi, mmoja mweusi, mmoja mweupe au mwekundu. Bandika mmoja juu ya mwingine huku umeuzungusha, ili pembe za wa juu ziangukie katikati ya pande za wa chini. Inatokea nyota ya pembe nane. Sasa fungua msahafu mbele yake, umwonyeshe alama ya nyota hiyohiyo ndani ya mistari. Mwambie: alama hii inatujulisha robo ya hizbu. Qur'ani ina juzuu 30, hizbu 60 na robo 240. Mtoto aliyekata nyota kwa mkono wake ataitafuta kila ukurasa.

Mzazi anaweza kuendelea na imigongo, michoro ya asili ya Gisaka, mashariki ya nchi yetu, inayotengenezwa kwa samadi ya ng'ombe na majivu na kupakwa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Ni pembetatu na misharabu tupu. Mafundi wa misikiti ya Andalusi na Fasi nao walipamba kuta kwa maumbo ya hesabu kama hayo. Mtoto akiyaona yote mawili atajua kwamba urembo wa nchi yake na urembo wa umma wake vinaweza kukaa pamoja kwenye karatasi moja.

WANACHUONI WALISEMAJE?

Turudi kwenye swali la yule fundi baiskeli. Masuala ya picha na masanamu ni mazito, na hadithi za kukataza ni nyingi na sahihi. Lakini vichezeo vya watoto wanachuoni wamevitenga. Kadhi Iyadh, aliyefariki mwaka 1149, amenukuliwa kwamba wengi wa wanachuoni wameviruhusu kwa hadithi ya Bi Aisha (r.a), kwa kuwa ndani yake mna mafunzo kwa watoto. Wapo wengine waliosema ruhusa hiyo ilifutwa baadaye. Basi kila mzazi ashike kauli ya wanachuoni anaowaamini. Kwa anayejihadhari, kazi zote nne nilizozieleza hapa hazina sura ya kiumbe.

Kuhusu kucheza kwenyewe, Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameandika katika Ihyaa kwamba mtoto akitoka chuoni aruhusiwe mchezo mzuri wa kumpumzisha, kwa sababu kumzuia kucheza na kumbana kwa masomo daima huua moyo wake na kumfanya atafute hila za kuikimbia elimu. Na Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, ameeleza katika Muqaddima jinsi ukali wa mwalimu unavyomdhuru mwanafunzi mdogo: humpokonya uchangamfu, humfundisha uvivu, uongo na kuficha yaliyo moyoni.

Niliposoma maneno hayo nilimkumbuka yule mtoto akiokota vipande na kuvificha mfukoni.

NILIPOKWENDA KWAO

Nilikwenda nyumbani kwao baada ya siku chache. Nilimwambia baba yake jibu nililolipata, bila kupunguza: kwamba Mtume (s.a.w) hakuvivunja. Kisha nikaomba kuongea na mtoto. Aliletwa, akasimama nyuma ya mama yake. Nilimwambia: "Mwanangu, mwalimu wako alikosea. Tembo wako alikuwa mzuri." Nilikuwa nimebeba udongo kwenye jani la mgomba, nikamwomba tutengeneze mwingine. Alitikisa kichwa akakataa.

Wiki iliyofuata alirudi madrasa. Alisoma vizuri, akahifadhi juzuu tatu, adabu yake haikuwa na dosari. Lakini katika miaka yote aliyokaa kwangu hakuniletea tena kitu alichokitengeneza kwa mikono yake. Sasa ni kijana mkubwa anayefanya kazi upande wa Bugarama. Tukikutana hunisalimia kwa heshima, huniuliza hali ya watoto wangu. Sijawahi kumuuliza kama anakumbuka. Nadhani anakumbuka.

Tangu mwaka ule darasa la wadogo lina rafu moja ya mbao karibu na dirisha. Mtoto akileta kitu, kinakaa pale wiki nzima, naye anawaeleza wenzake amekitengenezaje na kinatukumbusha nini. Vimepita hapo mitumbwi ya Nabii Nuhu ya magamba ya mgomba, visima vya Zamzam vya makopo, na Al-Kaaba nyingi sana za maboksi ya sabuni.

Ndugu wazazi, ninachowaomba ni kidogo. Mara moja kwa wiki, mbali na simu, keti na mtoto wako kwa nusu saa na kimoja katika hivi: uzi, maharage, ubao, karatasi. Mkono wako uwe karibu na mkono wake. Na akikuletea kitu alichokitengeneza, hata kama hukielewi, mwulize kwanza kabla ya kumhukumu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe tulipokosea kwa watoto wetu, na awafanye kitulizo cha macho yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.